Korongo Wanapotaka Kuhama Ligi

Wiki ile ya kufagia daraja, Ardis Kjelstad aliamka na mkono mzito. Si kwamba ulimuuma. Ulikuwa mkono wake ule ule wa kulia uliokamua ng'ombe, ukakanda unga na kufunga kamba za viatu vya watoto wanne. Uzito wake ulitokana na jambo moja tu: Alhamisi alasiri mkono huo ungeinuka, na Chuo Kikuu cha Nordby kingehama ligi yake ya michezo, au ungetulia mapajani, na chuo kingebaki kilipo.

Wadhamini wa chuo, wale wanaokiamulia mambo yake makubwa, walikuwa tisa. Wanne walishasema tuhame, wanne walishasema tubaki. Ardis hakuwa amesema kitu, na mji mzima ulilijua hilo, kwa sababu Nordby ni mji ambao ukinunua mayai mengi kuliko kawaida yako, jirani anakuuliza wageni wako ni akina nani.

Ligi waliyokuwamo ilikuwa ya vyuo vya jirani. Vijana walipanda basi asubuhi, wakacheza, wakarudi kulala kwenye vitanda vyao. Sasa ligi kubwa ilikuwa imewaalika, ligi ya vyuo vya majimbo ya mbali, ya kupanda ndege, ambayo michezo yake huonyeshwa kwenye televisheni. Mkuu wa chuo, Dakta Curtis Eggum, alitaka waitike. Hakuwa mtu mbaya. Theluji ikianguka, yeye ndiye aliyewatangulia wajane wa mtaa wake kwa sepetu, akawafungulia njia mpaka barabarani, na akiulizwa ni nani aliyefanya vile, husema labda ni upepo.

"Vijana wanapungua, Bi Ardis," alimwambia nje ya kanisa Jumapili, kofia mkononi. "Bweni la mashariki nimelifunga. Nimelipita jana, pazia moja limebaki linapepea. Mtoto wa mbali atachaguaje chuo ambacho hajawahi kulisikia jina lake?"

"Naelewa, Curtis."

"Sikusukumi."

"Najua hunisukumi."

Na kweli hakumsukuma. Alisimama tu, akamtazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu masika.

Lakini kuhama kulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ilikaa ng'ambo ya mto. Huko kuna mji wa Tamarack na chuo chake. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, Korongo wa Nordby hupambana na Nungunungu wa Tamarack katika ule mpira wao wa umbo la yai, wa kukumbatia na kuangushana. Mji ukishindwa, kesho yake baada ya ibada watu wake wote, wazee kwa watoto, profesa kwa fundi bomba, hubeba mafagio na kulifagia daraja la mtoni, majani ya vuli yote, toka upande wao mpaka upande wa washindi. Na washindi huwangoja pale mwisho na supu ya moto na maneno ya moto zaidi. Sheria hiyo hakuna aliyeitunga wala aliyeiandika. Ila ligi kubwa ilizitaka Jumamosi zote za vuli, bila kuacha hata moja. Nordby wakihama, mchezo wa Tamarack umekufa, na anayefagia daraja bila kushindwa ni mfagiaji tu.

Hapo ndipo Ardis alipokwama. Maana ni kwenye daraja hilo, akiwa msichana wa mikia miwili ya nywele za kusuka, alipofika mwisho na ufagio wake akamkuta msichana wa Tamarack ameshika kata ya supu. Msichana yule alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Umeacha jani, dada." Ardis akaliokota lile jani, akalitumbukiza ndani ya supu ya mwenzake. Jina la yule msichana lilikuwa LaVonne Tesch. Tangu siku hiyo hawajaachana. Waliolewa mwaka mmoja, walifiwa na waume kwa kupishana kidogo, na uzeeni kila mmoja alichaguliwa kuwa mdhamini wa chuo cha upande wake. Siku walipochaguliwa waliapa, kwa utani lakini wakimaanisha, kwamba mambo ya vikao hayatavuka mto.

Jumanne ile Ardis aliyavusha. Alioka keki ya tufaha na mdalasini kwenye trei yake ya bati, akaikata vipande vya mraba, akaifunika kwa kitambaa, akawasha gari.

Mvua ilikuwa inanyesha. LaVonne alimfungulia mlango akiwa ameegemea fremu ya kutembelea, kwa sababu nyonga yake ilikuwa imebadilishwa mwezi uliopita na daktari aliweka ya chuma.

"Mchezaji wetu mpya huyo," Ardis akasema. "Unakimbia?"

"Nakimbia kukuzidi wewe. Ingia, unaloanisha zulia."

Walikaa jikoni. Kahawa ilikuwa nyepesi, ya kuonea kitako cha kikombe, kama inavyonywewa huko siku nzima. LaVonne akatafuna keki taratibu.

"Umeongeza mdalasini."

"Kidogo. Umezidi?"

"Sijasema umezidi."

"Kwa hiyo umezidi."

"Shoga, kula keki yako."

Wakala. Wakazungumza habari za mfereji wa paa, za mbwa wa jirani aliyekula soksi, za mchungaji mpya anayehubiri mpaka nyama inaungua majumbani. Ardis akazungusha kikombe chake kwenye kisahani.

"Nadhani umesikia habari za kwetu," akasema mwishowe.

"Nasikia mengi. Wamenipasua nyonga, si masikio."

"Na ninyi huku mnaonaje?"

LaVonne alitazama mvua dirishani. Akapangusa makombo ambayo hayakuwapo mezani.

"Ninyi fanyeni linalowafaa," akasema. "Sisi tupo tu."

"Hamtakasirika?"

"Tukasirike kwa nini? Kila mtu na zizi lake."

Kumbe Ardis alivuka mto akitafuta neno moja tu, msiende, na badala yake amepewa heri. Akameza kahawa iliyobaki pamoja na machicha yake.

Sasa, kwa watu wa huko kuaga si neno moja. Kuna kituo cha kwanza, mezani, ambapo mgeni hujipiga mapaja na kusema, "Haya, ngoja niende," na hakuna anayeondoka. Kuna kituo cha pili, mlangoni, watu wameshavaa makoti, na hapo husimuliwa magonjwa. Na kuna kituo cha tatu: mwenyeji humsindikiza mgeni mpaka garini, mgeni anawasha injini, anashusha kioo, mwenyeji anaegemea dirisha. Lile jambo lililomleta mtu, lililozungukwa jioni nzima kama nyoka ndani ya nyasi, hapo ndipo linaposemwa. Orville, marehemu mumewe, alimposa Ardis kupitia dirisha la gari la baba yake, injini inanguruma, baada ya kukaa saa nzima na wazee wakijadili mahindi.

Siku ile Ardis alijipiga mapaja. Wakaenda mlangoni. Wakamaliza habari ya nyonga na ya shinikizo la damu. LaVonne akanyoosha mkono kulitoa koti lake msumarini.

"Unakwenda wapi wewe na chuma chako?"

"Garini. Nakusindikiza."

"Kwenye mvua hii? Kaa ndani, bibi wewe, usinitie dhambini."

"Mvua gani, manyunyu tu haya. Ardis, mimi nilitaka..."

"Kaa ndani! Ukianguka nitamwambia nini binti yako?"

Akamfungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, kwa upendo kabisa, akakimbilia gari kitambaa kichwani. Hata trei yake aliisahau.

Sehemu iliyobaki ya siku hiyo, na kesho yake yote, alitembea nyumbani kwake kama mtu aliyepoteza funguo. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Moyo wake ulisema maneno mabaya: kumbe kilio ni changu peke yangu. Kumbe miaka yote hii mimi nilikuwa na daraja, wenzangu walikuwa na supu tu. Kama Tamarack hawajali, nani awe mjinga wa kufunga bweni jingine kwa ajili yao? Jumatano jioni alipozima taa ya jiko, mkono ulikuwa umeshaamua. Ungeinuka.

Alhamisi wadhamini walikutana kwenye chumba cha juu cha maktaba. Mwenyekiti wao alikuwa Duane Ruhland, muuza matrekta, mtu mnene mwenye sauti ya kupita ukuta, naye alikuwa mmoja wa wale wa kuhama.

"Twende tukaonekane!" alisema. "Binamu yangu wa Nebraska hajui kama Nordby ni chuo au ni dawa ya kikohozi."

Watu wakacheka, hata wale wa kubaki. Katikati ya meza palikuwa na sahani ya keki ya karoti, na kipande kimoja cha mwisho. Kipande cha mwisho huko hakiliwi na mtu. Kila anayekitamani hukikata nusu, akaiacha nusu nyingine kwa adabu, na wa pili hukata nusu ya nusu, mpaka kinabaki kitu cha kulishia ndege. Duane alikuwa ameshakikata mara moja.

Dakta Eggum akaeleza tena, taratibu, bila kutia chumvi: bweni, vijana, televisheni. Kisha akageukia upande wa wale wa kubaki. "Na kuhusu majirani zetu, msiwe na wasiwasi. Nilimpigia simu mkuu wa Tamarack mwenyewe. Hawana kinyongo."

"Alisemaje?" Ardis akauliza.

"Alisema, 'Ninyi fanyeni linalowafaa. Sisi tupo tu.'"

Ardis akakiweka kikombe chini. Lilikuwa neno lile lile la jikoni kwa LaVonne, limenyooka vile vile, halina joto wala baridi. Watu wawili hawatoi neno moja namna hiyo isipokuwa wamekaa pamoja wakalichagua.

"Kisha?"

"Kisha tukazungumza hali ya hewa. Tukaagana, nikakata simu."

"Hukwenda kwake, Curtis?"

"Sikwenda. Ni simu tu."

"Kwa hiyo hukusindikizwa."

Neno hilo kila mtu alilielewa. Wote mle ndani walikuwa wamezaliwa pale, au wamekaa hadi wamekuwa kama waliozaliwa pale. Duane alikuwa ameinua kisu juu ya kile kipande cha keki, akakishusha polepole.

"Mimi mwenyewe nilikwenda Tamarack Jumanne," Ardis akasema, uso umemuiva. "Nikamfungia mwenzangu mlango asilowe. Sikufika kituo cha tatu. Mwenyekiti, naomba tupumzike kidogo. Nimesahau trei yangu ng'ambo."

Duane alikuwa anataka kuhama kuliko wote. Alimtazama Ardis, akaitazama saa ya ukutani, akajikuna shingo.

"Nenda kachukue trei yako, Bi Ardis," akasema. "Kikao hakivunjiki. Kahawa ipo."

Ardis aliendesha mpaka ng'ambo, majani mekundu na ya njano yakirukaruka mbele ya magurudumu darajani. Alipoingia uani kwa LaVonne, mlango ulikuwa wazi, na LaVonne amesimama kizingitini, koti limefungwa vifungo vyote, trei ya bati mkononi.

"Nimekuja kuchukua trei."

"Najua."

"Siingii ndani, wananingoja."

"Najua, shoga. Rudi kaa garini. Nakuja."

Ardis akarudi garini, akawasha injini, akashusha kioo. Kisha akafanya kazi ngumu kuliko zote alizofanya mwaka ule: akakaa kimya akamtazama LaVonne akija. Fremu mbele, mguu mzima, mguu wa chuma, trei imening'inia kwa kitambaa mkononi. Jani lenye maji likateleza chini ya mpira wa fremu, na Ardis akaushika usukani kwa nguvu, asifungue mlango. LaVonne akafika, akahema, akaipitisha trei dirishani. Haikuwa tupu, trei ya watu hairudi tupu. Ilikuwa na mkate wa maboga, bado wa moto.

Akaegemea dirisha kwa viwiko viwili.

"Hiyo ligi yenu ya ndege," akasema, "ilitualika sisi kwanza."

"Lini?"

"Theluji iliyopita. Tukakaa kikao kama mnavyokaa ninyi. Tukakataa."

"Mlikataa kwa nini?"

"Anauliza kwa nini! Tungefagiliana daraja na nani huko kwenye mawingu?"

Ardis akaizima injini, kisha akaona si desturi, akaiwasha tena. "Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini? Jirani, njoo uone, tumekataa utukufu kwa ajili yako? Hayo si majivuno? Halafu mkataka kuondoka ninyi. Tukikuambieni msiende, itakuwa tunawadai wema tuliotenda kwa hiari yetu. Ndipo tukapatana sote, akiulizwa mtu aseme fanyeni linalowafaa. Lakini mimi Jumanne ningekuambia. Hapa hapa. Wewe ukanifungia ndani kama kuku!"

"Mvua ilikuwa inanyesha!"

"Ningelowa! Nina nguo nyingine!"

Wakatazamana, pua zote mbili nyekundu kwa baridi. LaVonne ndiye aliyeanza kucheka, akajishika nyonga.

"Nisikilize," akasema, cheko limekwisha. "Hatuwadai kitu. Mkiona mna njaa, hameni, hakuna atakayewazomea. Lakini mimi, LaVonne, unaniuliza nataka nini. Nataka mbaki. Haya, nimesema."

"Niwaambie wale kule?"

"Waambie yote. Mwaka mzima nimekuwa na adabu, nimechoka."

Ardis aliwaambia wakati bado amesimama, hajavua koti, trei ya mkate kifuani.

"Kwa hiyo sisi," Duane akasema, "tulialikwa baada ya Nungunungu kukataa. Sisi ni koti la mtumba."

Kicheko kikalipuka, kicheko chenye aibu ndani yake. Dakta Eggum naye alicheka kidogo, kisha akaketi.

"Na bweni la mashariki?" akauliza. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayeuliza mgonjwa wake atalala wapi.

Ardis akauweka mkate mezani. "Sina jibu la bweni, Curtis. Sitakudanganya kwamba daraja linajaza vitanda. Nitakuja tulitafute hilo jibu mimi na wewe, hata ikibidi nikae na wewe mpaka theluji iyeyuke. Lakini leo mkono wangu hauinuki. Nimeujaribu njiani, hauinuki."

Duane akaita kura. Wanaotaka kuhama wanyooshe mikono. Wakanyoosha watatu. Wa nne, ambaye alikuwa Duane mwenyewe, mikono yake ilikuwa na shughuli: mmoja umeshika sahani, mwingine kisu, anakikata kile kipande cha keki, sasa kidogo kama kidole gumba, nusu kwa nusu, kwa uangalifu mkubwa.

Dakta Eggum alikwenda dirishani. Toka pale lilionekana bweni la mashariki na pazia lake. Akasimama kidogo, akapangusa miwani yake.

"Haya," akasema. "Nitampigia simu mkuu wa Tamarack."

"Usipige," wakasema watu wanne kwa pamoja.

"Nenda mwenyewe," Ardis akaongeza. "Na asikuage mlangoni."

Jumamosi Korongo walishindwa, tena vibaya, na Jumapili baada ya ibada Nordby nzima ilikuwa darajani na mafagio. Dakta Eggum alikuja na ufagio mpya wa dukani, karatasi ya bei bado inaning'inia, akawa anayasukuma majani kwenda unakotoka upepo, yakamrudia usoni. Ng'ambo Nungunungu walimshangilia kwa kila jani. Ardis alifagia polepole, ubavu wa kulia wa daraja, mahali pake pa siku zote. Alipofika mwisho alimkuta LaVonne kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, kata ya supu mkononi.

"Umeacha jani, dada."

"Liko wapi?"

"Lile pale. Au umezeeka huoni?"

Ardis akainama, akaliokota, akalitumbukiza ndani ya kikombe cha supu cha LaVonne. LaVonne akalitoa kwa vidole viwili, akalitupa mtoni, akanywa.

Watu walipokwisha kushiba na kukashifiana, wakaanza kwenda makwao, lakini magari ya upande ule hayakuweza kutoka. Gari la mkuu wa Tamarack lilikuwa limesimama katikati ya njia, injini inanguruma, kioo kimeshushwa, na Dakta Eggum ameegemea dirisha kwa viwiko viwili, ufagio kwapani. Hayakusikika waliyokuwa wakisema. Ilionekana tu Eggum akinyoosha kidole ng'ambo, upande wa mashariki wa chuo chake, na yule wa ndani ya gari akiitikia kwa kichwa, akiuliza, akiitikia tena. Nyuma yao safu ya magari ilikuwa imefika kanisani. Hakuna aliyepiga honi.

"Nikawaambie wasogee?" Ardis akauliza.

"Waache," LaVonne akasema, akimgawia pembe ya blanketi. "Ndiyo kwanza wamefika garini."